Udongo Usishuke Chini ya Tofali

Kila mwaka, kabla mvua haijaanza kunyesha Dodoma, Bartolomayo aliipandishia michungwa udongo kama baba yake alivyokuwa akiipandishia tembe. Alichanganya udongo mwekundu na samadi kavu ya zizini, akauchekecha kwa kipande cha wavu wa dirisha, akaumimina karai baada ya karai, kisha akaupiga kwa kiganja, pa, pa, pa, mpaka ushikamane. Paa la tembe lisipoongezwa udongo huvuja, na likivuja nyumba huanguka. Mtoto wa Kigogo hafundishwi hilo, hukua akiliona. Basi alipokabidhiwa matuta kumi na mawili, kila moja limejengewa kwa tofali za kuchoma mpaka usawa wa goti, na ndani yake mchungwa mmoja, hakuona sababu ya kumuuliza mtu.

Na isitoshe, aliambiwa. Mwenye nyumba mwenyewe, Mama Dolatkhanu, alisimama uani kwake hapo Ipagala, mwaka uleule aliofiwa na mumewe, akamwonyesha kwa kidole ukingo wa tofali la juu.

"Mzee Shiraz alipenda udongo ufike hapa. Usishuke chini ya tofali, Bartolomayo. Ukishuka, mti unaona kiu."

Bartolomayo akalishika neno lile. Mwaka wa kwanza udongo ulishuka vidole vinne, akajaza. Wa pili ukashuka tena, akajaza. Huu ulikuwa mwaka wa tano, na hakuna mtu katika mtaa ule aliyekuwa na matuta yaliyojaa na kusawazishwa kama yale. Wapita njia walichungulia getini wakasifu, naye akajifanya hajasikia, kumbe amesikia kila neno.

Ndiyo maana Loisi, mkewe, alishindwa kuelewa majani yalipoanza kuwa ya njano. Ulianza mti wa tatu kutoka getini, ukafuata wa nne, halafu miwili ya ukutani. Ilipofika Novemba, miti saba ilikuwa imebaki vijiti na majani machache yaliyojikunja. Bartolomayo alizidi kumwagia maji na kuongeza samadi. Usiku alikuwa hageuki kitandani, jambo ambalo Loisi alilijua kuwa ni dalili ya mtu asiyelala.

Wote wawili walijua kinachotafutwa hapo. Sameer, mtoto wa Mama Dolatkhanu, alikuwa na hamu ya kujenga vyumba vya kupangisha katika uwanja ule tangu wafanyakazi wa serikali walipoanza kumiminika Dodoma. Ramani alikuwa nayo ndani ya gari. Kilichomzuia ni mama yake, aliyesema mbele ya kila mtu kwamba akiwa hai miti ya Shiraz haikatwi. Maadamu miti ipo, mtunza miti yupo, na vile vyumba viwili vya nyuma, vyenye bati zima na bomba la maji mlangoni, ni vya Bartolomayo na Loisi. Miti ikifa, wao ni wazee wawili wenye magodoro barabarani. Kijijini tembe yao ilishaanguka, na shamba shemeji zake Loisi walishagawana zamani. Frida, binti yao, aliolewa mbali, na huko kwenyewe wanaishi saba katika chumba na sebule.

"Kesho Jumapili wanakuja," Loisi alisema asubuhi ya Jumamosi. "Tumwite yule Edina wa kwaya aangalie. Si ni afisa kilimo?"

"Aangalie nini? Mtoto yule nimemwona akibatizwa."

"Basi na aje akuangalie wewe," Loisi akamjibu, akajifunga kitenge, akatoka.

Edina alikuja na ndala zake za nyumbani, akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akapiga magoti kando ya mti wa tatu. Aliutazama kwa muda, akautazama na wa jirani yake, akaomba kisu cha jikoni.

"Baba, kovu liko wapi?"

"Kovu gani?"

"Hii miche ni ya kubebesha. Chini ni mlimau, juu ni mchungwa. Pale ilipounganishwa hubaki kovu, na linatakiwa likae juu ya udongo, kiganja kizima. Mimi silioni."

Akaanza kuchimbua pembeni mwa shina. Alichimba kina cha kiganja, hakuliona. Akachimba cha viganja viwili. Alilipata mkono ukiwa umezama karibu na kiwiko, na alipoligusa, gome likatoka lote mkononi mwake kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Harufu chachu ikapanda. Bartolomayo alirudi nyuma hatua moja.

"Mmeufukia, baba," Edina alisema kwa upole, na upole ule Loisi aliuchukia. "Samadi ikioza hujibana, tuta linashuka. Sasa linaposhuka, mti nao unashuka nalo, haubaki juu. Ninyi mnaona pengo, mnajaza. Mwaka kesho vilevile. Mti unazidi kuzama na ninyi mnazidi kuuzika."

"Niliambiwa tofali," Bartolomayo alisema. "Usishuke chini ya tofali."

"Tofali halina gome, baba. Mngejaza huku kandokando tu, pale kwenye shina mkaacha wazi kama sahani. Au ungeinua mti wenyewe ulipokuwa bado mdogo."

Aliizungukia yote kumi na miwili na kisu chake. Saba ilikuwa imeoza kuzunguka shina lote. Mitano ya upande wa jikoni, ambayo Bartolomayo aliijaza kidogo kwa sababu mwanga wa hapo ulikuwa hafifu na wageni hawapaoni, ilikuwa bado na gome gumu.

"Hii mitano ni mizima. Fukueni leo hii mpaka kovu lionekane, liachwe likauke kabla ya mvua. Itazaa, mama, wala msiwe na wasiwasi. Mwambieni mwenye nyumba ukweli, mtu kukosea ni kawaida."

Alipoondoka, Bartolomayo alikaa juu ya ukingo wa tuta, mikono katikati ya magoti. Alikuwa mtu mrefu, lakini siku ile alionekana amepungua.

"Nimeiua, Mama Frida. Kwa mikono yangu hii. Ningekuwa mvivu ingekuwa hai."

Loisi alitaka kumshika bega, na wakati huohuo alitaka kumpiga. Miaka mitano ya kuchekecha, miaka mitano ya kusifiwa getini.

"Kesho nitamwambia mama," akaendelea. "Nitamwambia saba nimeiua, mitano ipo."

"Halafu Sameer akusikie? Mtunza miti anayeua miti? Utamaliza kusema, ramani itakuwa imeshatandazwa juu ya boneti."

"Sasa niseme nini?"

Loisi hakuwa amepanga. Neno lilimjia kinywani lenyewe, na alipolisikia likitoka alijiona mwerevu, jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko yote.

"Sema samadi ilikuwa mbaya. Ilikuwa na dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe. Dawa inaua mizizi, nani asiyejua?"

"Samadi ni ya Meshack."

"Hatutamtaja. Tutasema samadi tu."

Bartolomayo alimtazama mkewe. Meshack wa Msalato ndiye aliyeleta samadi kwa mkokoteni wake wa punda kila Oktoba. Ndiye pia aliyemsimamia harusini, na walipokuwa watoto walichunga pamoja, wakanywa kibuyu kimoja cha maziwa. Bartolomayo alitazama chini, akachukua beleshi. Walifukua mpaka jua likazama, na kila karai walilolitoa walilimwaga nyuma ya choo.

*

Jumapili hawakwenda kanisani. Saa nne gari likaingia. Mama Dolatkhanu alishuka polepole, akashikilia mlango, akavaa miwani yake. Alikuwa mwanamke mdogo aliyezidi kuwa mdogo kila mwaka, na kila alipokuja alipita kwanza kwenye miti kabla ya kuingia ndani. Leo alisimama kwenye tuta la kwanza, akaingiza mkono ndani ya ukingo, haukugusa chochote ila hewa.

"Bartolomayo, udongo uko wapi?"

Bartolomayo alivua kofia.

"Tumeutoa, mama," Loisi akadakia. "Shikamoo mama. Tumeutoa kwa sababu ulikuwa na sumu. Samadi ya mwaka huu ilikuwa na dawa ya josho. Ndiyo iliyochoma mizizi. Tulipogundua tukasema tusingoje, tuutoe tuokoe inayookolewa."

"Dawa ya josho?" Sameer alifunga mlango wa gari akasogea. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa duka, aliyezoea kuuliza swali moja moja mpaka afike. "Nani alileta?"

Ndege waliokuwa juu ya ukuta walikuwa na kelele nyingi kuliko siku nyingine.

"Si yule wa punda? Meshack?"

"Ndiye huyo," Loisi alisema. Hakuwa amemtaja, alimwitikia tu. Alijipa faraja hiyo kwa muda mfupi sana.

Sameer alitoa simu, akatafuta namba, akaiweka sauti ya nje. Iliita mara tatu.

"Haloo bosi, habari za Jumapili," sauti ya Meshack ikatoka, ya furaha, ya mtu anayedhani ameagizwa mzigo mwingine.

"Meshack, umetuletea samadi yenye dawa. Miti saba imekufa."

"Dawa gani tena, bosi? Ng'ombe wangu sijawaogesha mwaka wa pili huu, hilo josho lenyewe limekauka. Samadi yangu ni safi, hata mboga zetu tunapandia."

"Kwa hiyo watu wa hapa waongo?"

"Sijasema hivyo, bosi. Bartolomayo yupo hapo? Muulize Bartolomayo. Yule ananijua, hawezi kunisemea uongo."

Sameer akainyoosha simu mbele ya uso wa Bartolomayo. Loisi aliomba kwa Mungu, na hata yeye hakujua anaomba aseme nini.

"Meshack," Bartolomayo aliita.

"Naam, ndugu yangu."

"Ile samadi... ilikuwa na harufu."

Walisikia punda akilia huko Msalato, na mwanamke akimfukuza kuku.

"Basi," sauti ilisema, ikiwa imeshuka. "Kama Bartolomayo amesema, basi."

Sameer alikata simu. Akasema atawapigia na rafiki zake wawili wa jirani wanaochukua mzigo kwa mtu huyo, wasije wakaharibikiwa na wao. Alisema bila chuki, kama mtu anayewatahadharisha wenzake juu ya shimo barabarani.

Mama Dolatkhanu alikuwa ameshafika upande wa jikoni. Alishika tawi la mmoja wa ile mitano, lenye machungwa machanga ukubwa wa gololi. Loisi alimkimbilia.

"Hii mizima, mama! Hii mitano itazaa. Tumemleta mtaalamu jana, amesema itazaa vizuri kabisa."

"Itazaa nini?" mama aliuliza.

"Machungwa, mama. Kama kawaida."

"Imekunywa dawa, si ndiyo? Umesema sumu iko kwenye udongo." Aliachia tawi. "Loisi, machungwa ya kwanza ya kila mwaka mimi napeleka jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, kwa jina la Shiraz. Wazee wanakula. Watoto wadogo wanakula. Nipeleke sumu kwa jina lake?"

Loisi alifungua kinywa. Jibu alikuwa nalo, jibu lilikuwa jepesi, mtoto mdogo angelitoa: mama, hakuna sumu, udongo ni msafi, tulijaza mno. Maneno machache, na miti mitano ingebaki, na vyumba viwili na bomba lake. Lakini nyuma ya maneno hayo alimwona Sameer akiuliza, na Meshack, na ile simu? Akakifunga kinywa.

Bartolomayo ndiye aliyejaribu. "Mama," alisema, kofia ikiwa inapondwa mikononi. "Mama, si samadi. Ni mimi..."

Sameer akamwekea mkono begani. "Mzee, usijilaumu. Miaka yote tunaona kazi yako. Umetunza hii miti kama watoto wako. Kosa si lako."

Alisema kwa moyo mweupe. Bartolomayo akanyamaza, na Loisi akajua kwamba hatajaribu tena, maana binadamu hupata nguvu za namna ile mara moja tu kwa siku, na yeye alizimaliza zake.

Mama Dolatkhanu alivua miwani akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kata yote," akamwambia mwanawe. "Kata, Sameer, sitaki kuja kuiona tena. Fanya unavyotaka."

Ikawa hivyo. Kabla ya kuondoka, Sameer aliwaita wote wawili kivulini, akawaeleza kwa heshima, akiwaita baba na mama, kwamba mafundi watahitaji uwanja mwisho wa mwezi, kwa hiyo wajiandae taratibu. Nauli ya kubebea vyombo atatoa yeye. Loisi alisema asante. Alisema mara mbili.

*

Watu wa mashoka walikuja Jumanne. Miti saba iliyokufa ilianguka kwa urahisi, mingine ilisukumwa tu kwa mguu. Ile mitano ndiyo iliyowatoa jasho. Mbao zake zilikuwa nyeupe na mbichi, na mmoja wa wakataji akauliza kwa nini wanakata mti mzima namna hii. Bartolomayo aliingia chumbani akafunga mlango. Loisi alibaki mlangoni pake akichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Siku zile hawakugombana. Angefurahi kama wangegombana. Bartolomayo alikula alichopewa, alijibu alipoulizwa, na jioni alikwenda kukaa kwenye tuta tupu kwa mazoea. Edina alipita Ijumaa, akaona visiki, akashika mdomo. "Mama, si nilisema mitano ni mizima?" Loisi alimwambia kwamba wenye mali wameamua. Binti alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyopasa, kisha akaaga. Kwaya ya Jumapili iliyofuata, Loisi alisimama mstari wa nyuma.

Waliulizia vyumba mtaa wa Kikuyu, wakaulizia huku na huku. Kila mahali walitajiwa kodi ya miezi sita mbele, na mwenye chumba mmoja aliwauliza usoni, kwa nia njema, kama watoto wao wanajua kwamba wanahangaika hivi. Zilipobaki siku nne, walianza kufunga vyombo kwenye viroba bila kujua wanavifungia kwenda wapi.

Siku hiyo, mchana wa jua kali, lilisikika gurudumu la mkokoteni likikwaruza changarawe nje ya geti. Loisi aliijua sauti ile kabla hajainua kichwa.

"Mbukwenyi," Meshack akawaamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa," Bartolomayo akaitikia, akasimama, akakaa, akasimama tena.

Meshack alikuwa amevaa shati lake la kanisani, jeupe, limepigwa pasi. Mkononi alishika kuku jike mwekundu, amefungwa miguu kwa utambaa. Mkokoteni ulikuwa mtupu na umeoshwa. Loisi akaelewa kwamba amekuja kudai heshima yake, na moyo ukamwambia, haya, na iwe. Karibu apumue. Angekuja kuwatukana mbele ya majirani, angewaita majina yao, na jambo hili lingekwisha.

"Shemeji, sikuja kwa ubaya," Meshack alisema. "Ndugu yangu Bartolomayo, naomba nisikilizwe. Siku ile kwenye simu nilibisha. Nilibisha kwa hasira. Usiku nikamwambia mke wangu Penina, huyu mtu tumekula naye chombo kimoja, hajawahi kunisingizia hata kuku. Kama amesema harufu, ilikuwepo. Nikaenda kuuliza. Nimeuliza mpaka nikapata. Mwezi wa nane jirani yangu aliwapulizia ng'ombe wake dawa ya kupe palepale kwenye ukingo wa zizi letu, mimi nikiwa msibani. Nadhani ndiyo iliyoingia. Mimi sikujua. Naapa mbele ya Mungu, sikujua."

Akamhamishia kuku mkono mwingine.

"Wateja wa huku wameniacha, hilo halinisumbui, ni haki yao. Linalonikosesha usingizi ni ninyi. Nimesikia mnatolewa. Mimi ndiye niliyewatoa kwenye nyumba, mimi niliyesimama na wewe madhabahuni." Akageukia mkokoteni. "Penina amekandika kile chumba cha pembeni na kukisakafia. Si kizuri kama hapa, maji tunafuata. Lakini ni chenu. Kaeni hata miaka. Nimekuja na mkokoteni, na nimekuja kuomba radhi, na kwetu mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Nisameheni."

Kisha mtu yule mwenye mvi akapiga goti moja kwenye vumbi, na shati lake jeupe.

Loisi alimtazama mumewe. Bartolomayo alikuwa ametumbua macho, machozi yamejaa. Loisi alivitazama viroba sita ukutani, na godoro lililokunjwa, na bomba lililokuwa likidondoka maji ambayo si yao tena. Alifikiri juu ya chumba kilichokandikwa. Akafikiri kwamba mtu akishaambiwa ukweli huu atainuka, atafungua punda wake, atakwenda, naye atakuwa na haki, na jioni itaingia, na wao watakuwa bado hapa na viroba sita. Alijichukia kabla hata hajasema.

"Inuka, shemeji," alisema. "Yamepita. Tumekusamehe."

Meshack akainama mpaka paji la uso likakaribia chini. "Mungu awabariki," alisema. "Mungu awabariki sana."

Aliinuka, akajifuta goti, akamnyooshea Bartolomayo yule kuku. Bartolomayo alisimama muda mrefu akiwa ameiachia mikono pembeni. Kisha akaitoa yote miwili, kama inavyompasa mtu anayepewa kitu kwa heshima, akampokea.